Vigari vya Mtumba

Jumamosi jioni

Neema ametoka kukinywesha uji kile kigari chekundu, eti kinaumwa, na mimi nimeshindwa hata kumcheka.

Utotoni nilivichezea vigari hivi vya umeme kwa Wazungu, mama alipokuwa akiwapikia. Vinakimbia kwenye njia ya plastiki yenye mfereji, wewe unabonyeza kitufe tu. Juzi Baba Neema alivikuta kwenye mtumba, akaninunulia bila hata kuombwa. Tukapanga tushindane leo akitoka kazini.

Mchana nikaona nijaribu peke yangu, nizikumbuke kona. Nikachomeka kisanduku chake cha umeme ukutani. Moshi ukafuka hapo hapo.

Fundi redio wa mtaa wa Sakina alikinusa kile kisanduku cha umeme. "Dada, mzigo wa Marekani huu. Umeme wao ni nusu ya wetu. Si ungeniuliza kwanza?" Kingine hana, labda kije na mzigo mwingine. Labda.

Nimerudi nikaipanga njia sakafuni vilevile, sijui kwa nini.

Huyo amefika, anaita toka nje, "Mama Neema! Washa mitambo, leo utalia!" Sasa nitaanzaje kumwambia kwamba...