Hatua Kumi na Tisa

Sur, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Kwanza nambie goti lako, maana nasikia sasa unasali kwenye kiti. Mie nala, nasali nimesimama, ila paja la kulia haliko sawa. Naandika kwa mkono, kisha nitampelekea Dada picha ya karatasi akusomee pole pole. Kwenye simu ungelia, nami ningenyamaza.

Wajua kazi yangu hapa ni mbio. Msimu wa nne huu nacheza winga wa kulia: mpira unatupwa nyuma ya beki, nami naufuata. Kocha mpya ana sheria yake. Kila mtu apimwe mita thelathini, na winga anayezidi sekunde nne na nukta mbili hapewi mkataba. Magoli tisa niliyowatengenezea wenzangu msimu huu hayamo katika saa yake. Hilo laniuma kuliko paja.

Msuli wa paja ulivutika wiki tatu nyuma. Sikumwambia daktari wa timu, kwani anayeandikwa mgonjwa hapimwi, na asiyepimwa hana mkataba. Nikamwambia Hilali, anayeingia nafasi yangu nikitolewa. Kazaliwa hapa kwa Waarabu, Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Kaka, mguu yako inauma? Twende kwa bibi yangu."

Bibi yake, Bi Zuwena, ni mtu wa Unguja mjini. Akanibonyeza paja, akasema, "Hili dawa yake moto, mwanangu. Sindano zitalilaza tu." Wiki iliyopita wakanipeleka mji wa Ibra kwa mzee anayechoma wagonjwa kwa chuma cha moto. Kanitia alama tatu.

"Nitakimbia lini?" nikamuuliza.

"Ngamia nikimchoma hivi, wiki moja anakimbia."

"Mie si ngamia, mzee."

"Kweli. Ngamia hapigi kelele."

Walicheka wote, hata mie.

Jana jioni, uwanjani mtaa wa Aija, Hilali akanishikia saa. Nikakimbia. "Nne nukta moja, wallahi! Khalas, kaka, umepona!"

Mama, hakuna aliyenifundisha mbio. Nilianza nikikukimbia wewe, ukinifukuza nisikanyage karafuu juu ya majamvi, na tangu siku zile nahesabu hatua zangu. Nikiwa mzima, mita thelathini ni hatua kumi na saba. Jana zilikuwa kumi na tisa. Hatua kumi na tisa hazitoi nne nukta moja, hata saa ishikwe na malaika.

Basi tangu jana najiuliza: kanihurumia, au ataka niende nikaaibike achukue nafasi? Na bibi yake je? Siku ile kanilisha halwa kwa mkono wake. Naona haya hata kuliwaza, lakini naliwaza.

Kipimo ni kesho asubuhi, na kidonda hakijafunga. Nikimwonyesha kocha alama, atanifuta bila kunipima. Nikikimbia, angalau atanifuta kwa hesabu. Nimechagua hesabu.

Msalimie Dada, na ajikaze asikusomee huku analia. Msalimie Mjomba anayewaambia watu wa sokoni kuwa naipita gari yake. Mwambie wiki hii apunguze maneno. Msalimie na mke wa Kaka, ambaye dua zake hazinipungukii.

Mama, usiniombee ushindi, ni mkubwa mno. Niombee hatua mbili tu zipungue.

Mimi mwanao, uliyemkimbiza mwanzo,
Khamis