Ile Haya Niliyokuitikia kwenye Simu

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
6 Oktoba 2024

Mpendwa Mama yangu, Bi Kuruthumu,

Asalaam aleikum. Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Pangani, kikohozi kimekuachia na usingizi unaupata. Badria aliniambia miwani mipya umeshaizoea, nimefurahi sana. Na wewe Badria mwenyewe, wifi yangu, kama unasoma begani kwa mama, hujambo? Mpishe kwanza, hii barua yake.

Sisi huku hatujambo. Mwanao Mrisho mzima, anashinda Gerezani kwenye spea zake, akirudi mikono myeusi anataka kumbeba mtoto kabla hajanawa, tunagombana hapo mlangoni kila siku. Joto limeanza, mvua bado. Mwenye nyumba wetu amepaka rangi ukuta wa mbele tu, ubavuni kaacha vilevile, anasema wapita njia hawaangalii ubavuni. Somo yako Kuruthumu anakula vizuri, jino la mbele limeng'oka na la pili linacheza, akitaja jina lake anapuliza upepo mtupu.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Mama, wewe unanijua. Kwenye simu ukishaniitikia tu "marahaba mwanangu", mimi nakuwa mdogo kama sisimizi, na chochote utakachosema nitajibu ndiyo mama, sawa mama. Karatasi haina macho, naiweza. Nimeishia la saba, makosa utanivumilia. Kaa barazani, usome polepole, na ukikasirika katikati, nakuomba ufike mwisho kwanza.

Nianze na nywele, maana ndizo zilizoleta yote haya.

Picha aliyokuonyesha Badria aliporudi kutoka huku kwetu ni ya kweli. Somo yako amenyolewa. Hana mapunye, hana chawa, na hakuna aliyekufa. Ulivyopiga simu ukauliza, "Nani kafa huko?" nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Ulimsuka mwenyewe Idi iliyopita, unazijua nywele zake, nyingi na ngumu. Wewe mkono wako mwepesi. Huku alikuwa anasukwa na jirani kila Jumapili, na huyo jirani kwake msuko usiovuta nyusi haujakaa. Akimaliza, mtoto analala kifudifudi kwa sababu kichwa hakigusiki. Pembeni ya uso zikaanza kukatika, vikatoka vipele vya maji. Tukajaribu twende kilioni, ile mistari michache ya kurudi nyuma tu, bado analia. Ikafika mahali Jumapili akimwona jirani ameshika kitana, anaenda kujificha nyuma ya mapipa ya maji.

Jumapili moja yuko huko huko mafichoni, baba yake akaingia anatoka kunyoa, shingo nyeupe kwa poda, anapiga mluzi. Mtoto akachungulia. Akamwangalia, akamwangalia, halafu akaniuliza, "Mama, kwani baba yeye halii?"

Jumapili iliyofuata nikampeleka kwa kinyozi huyo huyo wa baba yake, anaitwa Abdulswamad, ana kibanda chake Gerezani. Nikamkalisha kwenye kiti. Abdulswamad akazima mashine.

"Huyu si wa kike?"

"Wa kike."

"Ana mapunye?"

"Hana."

"Mna msiba?"

"Hatuna."

"Sasa dada, kosa lake nini?"

Kabla sijafungua mdomo, somo yako akajibu kutoka kwenye kiti, "Sina kosa. Nataka poda."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Hata hivyo Abdulswamad hakumgusa mpaka alipompigia Mrisho. "Shemeji, nisije nikaletewa kesi ya nywele hapa." Mrisho akamwambia nyoa. Kwa hiyo mama, ukilaumu utulaumu wote wawili, ingawa najua yeye atakuambia alikuwa na mteja hakusikia vizuri.

Hakumfanya kipara. Zimebaki fupi, laini, ukipitisha kiganja unasikia kama kitambaa cha mahameli. Alivyopakwa poda yake akashuka, akajitazama kwenye kioo huku na huku, akasema, "Kumbe nina masikio!"

Maneno ndiyo yakaanza. Madrasa walikaa hawajui kitu, ushungi ulimsitiri. Huku Kariakoo ndiko kwenye moto, maana kazi yangu unaijua, nauza nywele. Dukani kwa Mama Heriel nimezungukwa na rasta na mawigi toka sakafuni mpaka darini, na mwanangu akitoka chekechea anakuja kunisubiri pale mlangoni na kichwa chake. Wateja wakaniweka kati. "He, Sabaha! Umekalia lundo lote hilo na mwanao hana hata unyoya!" Mwingine anamjibu, "Mganga hajigangi, shoga." Kuna mmoja alimpapasa akasema maskini, mama yake hana muda naye. Hilo ndilo lililoniuma, hayo mengine yalipita.

Yeye mwenyewe wala. Juzi msukuma mkokoteni alimpigia kelele, "Kijana, pisha mzigo!" Akashika kiuno katikati ya njia, "Mimi dada!" Yule kaka akasimamisha mkokoteni, jasho linamtoka, akasema, "Samahani dada mkubwa. Pisha mzigo." Ndipo akapisha.

Na bosi wangu mwenyewe, Mama Heriel, Mchaga wa watu, hana siri mdomoni, alinifokea mbele za wateja. "Unaniharibia biashara wewe! Nani atanunua nywele kwa mwenye mtoto kipara?" Tulipobaki wawili tunafunga duka, akavua wigi lake akainama nimwone. Mama, pembeni hapana kitu, panang'aa kama kiganja. Akasema, "Mimi nilisukwa nikiwa mdogo kuliko huyo wako, na nilikuwa nachapwa nikilia. Heri umemnyoa. Ila kesho mbele za watu nitakusema tena." Na kweli kesho yake akanisema.

Kuna neno lako moja halikunitoka. Uliniambia, "Januari anaanza la kwanza, shuleni watamnyoa miaka nenda miaka rudi. Kwa nini umnyime na hii miezi michache iliyobaki?" Ni kweli mama. Mimi mwenyewe nilinyolewa shuleni mpaka la saba, na hao wateja wanaonicheka nao walinyolewa vilevile. Nililiwaza neno hilo mpaka nikamwona mtoto jinsi anavyolala siku hizi. Analala ubavu wowote autakao, mdomo wazi, anakoroma kama baba yake. Hapo moyo ukatulia.

Halafu usinikasirikie nikikutania mama, lakini wa kwanza kumnyoa ni wewe. Siku ya saba, hapa hapa Magomeni, ulimpakata mwenyewe na wembe mkononi, na hakuna aliyeuliza nani kafa.

Siku zile mimi sizisahau. Mama yangu mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nikawa naogopa hata kumshika mtoto, nahisi atanidondoka. Ukaja na kikapu chako. Ukanikanda kwa maji ya moto, ukanipikia uji wa pilipili manga mpaka jasho linanitoka masikioni, ukawa unaniambia, "Kunywa, uzazi si ugonjwa." Siku arobaini hukuondoka. Jina la mtoto nililichagua mimi, Mrisho alikuwa na la kwake. Nilitaka awe na lako.

Sasa nije kwenye kilichonishikisha kalamu. Kwenye simu ulisema, "Mji umewashinda. Desemba nileteeni somo yangu nimlee mwenyewe, asome huku huku Pangani." Nami nikakujibu, "Haya mama."

Badria ananiambia kitanda kimeshatandikwa, chandarua kipya kimetundikwa, na umeshaongea na mwalimu kuhusu nafasi ya la kwanza. Nilipoyasikia hayo nikamwambia Mrisho, "Ongea na mama yako."

Akaniambia, "Si wewe ulisema haya?"

"Nilisema haya, sikusema haya!"

"Sabaha, hizo haya mbili zinatofautiana wapi?"

Nikamwambia moja ya kuitikia, nyingine ya kukubali. Akakuna kichwa. "Mwandikie basi. Mimi mama namwogopa kuliko unavyomwogopa wewe." Mtu mzima na ndevu zake! Ila alinikalia karibu akaongeza, "Mtoto sitaki aondoke. Mwambie na mimi nimesema." Kwa hiyo nimekuambia.

Mama, ile haya niliyokuitikia ilikuwa ya heshima. Tangu nilipoingia kwenye ukoo wenu sijawahi kukujibu hapana, hata ile futari uliyoitia sukari badala ya chumvi niliila yote. Haya ndiyo iliyonisemesha haya. Na wewe ukaichukua kama ilivyotoka mdomoni, huna kosa.

Tulipokuwa tunabishana na Mrisho hatukujua mtoto yuko macho. Asubuhi namvisha viatu akaniuliza, "Mama, bibi anakuja kunichukua mpaka nywele ziote, au kabisa?"

Nikamjibu, "Huendi popote." Nimemjibu yeye kabla sijakujibu wewe, mama. Nisamehe kwa kutangulia. Lakini neno nimeshampa, na sitalirudisha.

Sio kwamba nakudharau, au naona Pangani pabaya. Kwako angekula samaki mzuri kuliko huku, na angelelewa vizuri, maana aliyemlea Mrisho amenilelea mume. Ila ni mwanangu wa pekee na bado mdogo, na nataka yeye ajue kwamba nywele hazimhamishi mtu nyumbani kwao. Akiondoka Desemba hii, hata ukimpenda vipi, atakua akijua alihamishwa kwa sababu ya kichwa chake.

Na najua, mama, kwamba zile nywele kwako ni zaidi ya nywele. Ukimsuka ndipo unapokaa naye. Anakaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yako, na wewe unamsimulia mambo ya wazee ambayo mimi siyajui hata robo. Nilipomnyoa nilifikiri nimekukatia na hayo. Ikanisumbua sana.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jumapili ya kwanza baada ya kunyolewa, sikumwita. Akaja mwenyewe na chupa ya mafuta ya nazi, akatandika mkeka, akakaa katikati ya magoti yangu, akasubiri. Nikampaka mafuta taratibu, sina kitana, sina haraka. Mama, mtoto akaanza kuongea! Zamani alikuwa analia tu, kumbe maneno yote yalikuwa humo ndani. Akaniambia rafiki yake wa chekechea ni nani, anaogopa mbwa wa nyumba ya pili, anataka kuwa dereva wa mwendokasi, na bibi yake akicheka hufunga jicho moja. Mimi miaka yote hii sijawahi kuona kwamba unafunga jicho moja. Tulikaa mpaka mafuta yakachuruzika shingoni. Na kila Jumapili sasa ni hivyo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Desemba uje wewe. Mrisho atakufuata Tanga mjini, na chumba tutakupisha, sisi tutalala sebuleni. Ukifika usiseme neno kwanza. Kaa, umwite somo yako aje na mafuta yake, uweke mikono yako kichwani kwake, mkae mpaka mchoke.

Ukishainuka hapo, kama bado unaona anafaa kwenda nawe, uniambie nikiwa nimekaa mbele yako, uso kwa uso. Nami nitakuamkia, nitakuletea maji ya kunawa, nitakaa chini mkekani, na nitakujibu hapana kwa mdomo wangu. Nimeanza kujizoeza. Jana nilimwambia Mama Heriel hapana aliponitaka nifungue duka Ijumaa mchana, akashtuka mpaka akakaa.

Nisalimie sana wifi yangu Badria, umwambie sina kinyongo naye, ila picha nyingine apige yenye mwanga mzuri, ile imemfanya mtoto kama papai. Nisalimie Baba mdogo Awadhi na watu wake wote, na jirani yako Bi Nasma, umpe pole ya mguu. Mrisho anakuamkia, shikamoo. Somo yako anakuamkia pia, kwa kidomo chake cha mapengo.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri wenye kheri, akulinde njiani utakapokuja, na atukutanishe mkekani tukiwa wazima sote. Amin.

Mkamwana wako akupendaye kama mama aliyemzaa,

Sabaha