Mdogo Wangu Alipopata wa Kumsikiliza

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Tindiga tu wazima. Mama yako anavuna mpunga, na mguu wa babu yako umepungua kuuma.

Umeniuliza kama kuongea na mshauri kunaweza kutibu huzuni yako. Nikusimulie habari ya mdogo wangu Hamisi. Akiwa wa rika lako alinyamaza, akaacha kula, akawa analia peke yake. Watu wakasema ana mashetani. Ndipo nesi wa zahanati akaanza kuja kila wiki, anakaa naye mkekani, anamuuliza na kumsikiliza. Siku moja Hamisi akaniambia, "Dada, leo nina njaa." Mama yetu alilia kwa furaha. Hamisi akarudi hata shambani.

Kisha nesi akahamishiwa Mikumi, na siku zile hapakuwa na mwingine. Hamisi alinyamaza tena. Kabla masika hayajaisha, tulimzika. Mengine siwezi kuyaandika.

Nenda kwa mshauri wako, mjukuu wangu, hata siku utakayojiona mzima. Naye akihamishwa, nipigie simu. Nitakuja tumtafute mwingine.

Bibi yako,
Zaina