Mikono ya Bibi Harusi

Mjukuu wangu Rukia,

Assalamu alaikum. Sote hapa Lamu tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeniuliza ununue lenzi gani, maadamu hamu ya kupiga picha imekurudia.

Ujanani niliitwa kumpiga picha bibi harusi, ndani kwa wanawake. Nilipoinua kamera, mama yake alinishika mkono.

"Filamu hiyo ataisafisha nani?"

"Fundi wa mjini."

"Mwanamume? Atuone vichwa wazi?"

Ngoma ilinyamaza. Wanawake wakajifunika buibui, nami nikaona bibi harusi atakosa hata picha moja. Ndipo yeye mwenyewe akanyoosha mikono yenye hina.

"Nipige mikono tu, Bi Zena. Fundi hataijua ni ya nani."

Nilisogea, nikapiga.

Nunua lenzi fupi, itakayokulazimisha umkaribie mtu hata aweze kukukataza.

Bibi yako,
Zena