Kigari cha Prasojo Hakijai

Jumanne, 14 Mei

Binti yangu Wening kapiga simu. Jumapili mwanawe anakanyagishwa udongo kimila, kwa mara ya kwanza, huko kwao Solo, na bibi ndiye wa kumshika mkono. Kumbe sijasahaulika! Halafu akashusha sauti: atanifuata Jumamosi, chumba changu keshakitandika, basi nisirudi tena huku Bantul kukaa peke yangu kama mlinzi wa ghala. Nikamwambia nitajiendesha mwenyewe. Akasema haya Mama, tutaona.

Nikienda na gari langu, nitarudi na gari langu. Nikifuatwa, ndiyo basi. Mwanangu namjua.

Nimeondoa turubai. Kigari cha umeme cha marehemu mume wangu Prasojo, vumbi tele, chaji asilimia sita. Mambo ya kuchaji yalikuwa yake, mimi kazi yangu kuendesha. Nimechomeka waya. Taa ya kijani imewaka. Nalala na raha zangu.

Jumatano, 15 Mei

Raha gani! Nimeamka nyumba nzima giza. Swichi kuu imejikata. Gari kumi na moja tu.

Nimeipandisha. Baada ya muda, imejikata tena. Nimefuta plagi kwa kitambaa, nimebadilisha soketi, nimeukunjua waya wote uani. Wapi! Nimeligombeza gari kwa sauti. Haya ndiyo maongezi yangu ya kwanza tangu simu ya jana.

Alhamisi, 16 Mei

Fundi Bagyo kaja. Chaja nzima, waya mzima. Tatizo nyumba: umeme wake mdogo, na gari peke yake linaumaliza karibu wote. Kuongezewa kunachukua wiki kadhaa. Basi nizime kila kitu, nibakize friji.

Akapita chumba hadi chumba. Runinga inaongea peke yake sebuleni. Feni inazunguka juu ya kitanda cha Prasojo. Taa chumba cha Wening.

"Mama, mnaishi wangapi humu?"

"Mimi."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nimezima vyote, feni ya Prasojo mwisho. Nyumba ilivyonyamaza! Nimekaa jikoni nikisikiliza friji. Upweke huu nilikuwa nimeufunika kwa makelele tu.

Na bado swichi imejikata! Kumi na tisa. Nimelia, nasema kweli.

Ijumaa, 17 Mei

Mzee Sukir wa jirani kaja kuchukua wali wa jana wa kuku wake, kama kila asubuhi. Anatania kwamba kuku wake wananenepa kuliko wajukuu zake. Akatia mkono kwenye bakuli, akautoa upesi. Wali wa moto!

Nikasimama kama nimepigwa kofi. Sufuria la umeme la wali! Kubwa, la watu wanane, limechomekwa usiku na mchana, kila wali ukipoa linajipasha lenyewe. Fundi nilimwambia nimezima vyote, na sikumdanganya. Nani anahesabu wali kuwa umeme? Wali lazima uwepo, akitokea mtu. Hatokei mtu. Wanaokula ni kuku.

Nimelichomoa. Nimeliosha, nimelifudikiza juu ya kabati. Swichi imetulia mchana kutwa. Sitini na nne sasa.

Kumbe ndiyo maana asubuhi nyingine nilikuta wali wa baridi, enzi zake. Nilidhani anasahau; alikuwa akichomoa sufuria apate kuchaji gari. Prasojo wangu.

Jumamosi, 18 Mei

Mia! Imejaa! Nimelizunguka gari nikipiga makofi kama mwehu. Nguo nimepanga kwenye mkoba mdogo, wa siku mbili. Nilikuwa natafuta ufunguo honi ikalia getini.

Wening. Na mumewe, na mtoto mgongoni. Wametoka alfajiri, hawajanywa hata chai. Nimembeba mtoto, kanishika pua. Mungu wangu, alivyo mzito!

Wening akaenda jikoni moja kwa moja, kama zamani. "Mama, wali upo?"

Miaka yote hii wali upo, umekosekana siku moja tu! Alilishusha sufuria, akalitazama ndani, kavu.

"Siku hizi hata hupiki, Mama?"

Nikaanza kumweleza. Swichi, chaja, kuku, Mzee Sukir. Nilijisikia mwenyewe ninavyosikika. Mumewe akainamisha macho. Nikasema gari limejaa, njooni muone. Wening akaniitikia ndiyo Mama, ndiyo, vile anavyomwitikia mtoto.

Nimeingia chumbani, nimesema nabadilisha nguo. Ufunguo ninao mkononi. Makabati ya jikoni yanafunguliwa, moja moja. Sasa la koridoni, la masanduku. Sijui Wening bado anatafuta mchele, au sanduku la kutia nguo zangu zote.