Vumbi la Mbao

Kaka,

Salamu hizi ni za mama. Za kwangu sina.

Mvua zimeanza, kuku wanataga, na lile jigari lako kuukuu, uliloniuzia huku ukiapa ni zima, limekufa mlimani. Nilikuwa nampeleka mama hospitali. Injini ilinguruma lakini magurudumu yalikataa, kisha gari likaanza kurudi nyuma kama limesahau kitu nyumbani. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mama akasema, "Usimlaumu kakako, mwanangu. Vyuma huchoka."

Fundi alipofungua difu ya nyuma, lile boksi la meno ya gia linalozungusha magurudumu, oili ilitoka nzito kama uji, imejaa vumbi la mbao. Akacheka. "Hii ni dawa ya kuficha kelele, dada. Aliyekuuzia alijua meno yamekwisha."

Kaka, ukoo wetu mzima una seremala mmoja tu.

Mama bado anakusifu kwa wageni. Sijamwambia. Vumbi lako nimelitia kwenye kikopo, nikakiweka kando ya kitanda chake. Kila akiniuliza ni nini, namjibu, "Kaka akija kukujulia hali atakueleza."

Basi njoo.

Nduguyo kwa damu tu.