Ringi Iliyojibiwa

Jumanne usiku, Machi 1975

Eti nimefokewa mimi, kana kwamba baba mkwe ni mtoto wangu wa mgongoni.

Asubuhi ukungu ulifunika kijiji chote. Mzee akatoka, akaenda kuigonga ile ringi ya lori iliyotundikwa kutuita shamba la ujamaa. Akagonga mara mbili, akatega sikio. Watu wakatoka mbio na majembe, na mwenyekiti wa kijiji akanijia akiwaka.

Ukungu humrudisha mzee baharini. Wakati wa vita vya Wazungu alikuwa mchochea makaa kwenye meli ndogo ya uvuvi ambayo Serikali iliikodi na kuifungia mzinga. Walifanya doria meli mbili pamoja. Ukungu ukiwa mzito, kwenye meli yao walikuwa wakigonga bati mara mbili, na ile nyingine ikijibu mara tatu, wasije wakagongana. Siku moja haikujibu. Haikuonekana tena.

Nilimshika mkono nimrudishe nyumbani. "Subiri, mama," akasema.

Ndipo sote tukasikia. Mara tatu, polepole, kutoka upande wa mahame, kule tulikohamishwa, ambako sasa hakuna hata kuku.

Mwenyekiti alisema ni mwangwi. Sikumbishia. Lakini kama ni mwangwi, mbona jioni ameagiza ringi ishushwe?

Mzee mwenyewe ametulia, sijapata kumwona hivi. Nilipokuwa nasonga alisimama mlangoni pa jiko.

"Ongeza ugali, mama. Wenzangu watafika na njaa."

Nimeongeza.